Namna ya Kusawazisha Silaha na Nguvu katika Mapambano ya Maandishi

Pambano la maandishi ni mchezo ambao wachezaji wawili huandika kwa zamu, kila mmoja akiwa ndani ya mhusika aliyemtunga mwenyewe, hadi mmoja wao akiri kuwa mhusika wake ameanguka au mwamuzi aamue hivyo. Mwaka 1978, Roy Trubshaw na Richard Bartle, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, walianza kutunga mchezo wa kompyuta wa maandishi matupu ulioweza kuchezwa na watu wengi kwa pamoja, na humo mashine ndiyo iliyohesabu nani kapigwa na nani kapona. Sisi tunaocheza kwa simu, wengine tukiwa Mbeya mjini, wengine Tukuyu, Njombe na Iringa, hatuna mashine ya kutuhesabia. Tulichonacho ni maneno ya wachezaji na makubaliano yaliyoandikwa kabla yao, na makubaliano hayo yakiwa legelege, mchezo hugeuka ugomvi.

Kundi letu la kwanza lilivunjika kwa sababu hiyo, na siku lilipovunjika mwamuzi nilikuwa mimi. Mchezaji mmoja alileta mhusika mwenye uwezo wa kusimamisha muda, nami nikampitisha kwa kuwa aliandika vizuri sana. Katika zamu ya tatu akausimamisha muda, akamzunguka mpinzani wake, akamchoma mara nne, kisha akauachia muda uendelee. Mpinzani alionekana akiandika, akaacha, akaandika tena, akaacha, na mwishowe akatuma maneno matatu tu: "Sina la kuandika." Nguvu ile haikuwa kubwa mno kuliko nyingine tulizokuwa nazo, kwani kulikuwa na mwenye radi na mwenye kuamsha mizimu, na wote walikuwa wakishindwa na kushinda. Kosa lake lilikuwa kwamba haikumwachia mwenzake sentensi hata moja ya kuandika. Tangu hapo nimekuwa nikipima kila silaha na kila nguvu kwa swali hilo: baada ya kutumika, mpinzani ana nini cha kuandika? Hatua zinazofuata zimetokana na swali hilo.

Hatua ya kwanza: kubalianeni zamu moja ni sekunde ngapi

Kabla ya kuorodhesha silaha yoyote, andikeni urefu wa zamu. Sisi tunatumia sekunde 5. Bila kipimo hiki, mmoja ataandika zamu ambayo mhusika wake anapanda mlima, anachimba shimo na kulifunika kwa majani, huku mwenzake akiandika zamu ya kuinua ngao tu, na wote wawili wataamini kwamba wamecheza kwa haki.

Sekunde 5 zinatosha kwa mtu mzima mwenye afya kukimbia mita 20 hivi kwenye ardhi tambarare, kwa hiyo tumeandika kwamba zamu moja ya mbio ni mita 20 na kwamba kwenye mteremko, matope au mawe ni mita 10. Kwa kipimo hicho hicho unaweza kuipima silaha yoyote ya kweli. Chukua gobore: mwenye nalo humimina baruti, hutumbukiza risasi, hushindilia kwa kijiti, huweka fataki, ndipo alenge. Askari aliyezoea kupakia bunduki za aina hiyo alihitaji sekunde 20 hadi 30, yaani zamu nne hadi sita. Sisi tumeweka tano. Hapo hakuna tena mabishano ya iwapo gobore linaweza kulia mara mbili mfululizo, kwa sababu jibu limo ndani ya saa yenyewe.

Hatua ya pili: ipe kila silaha vipimo vinne

Vipimo hivyo ni umbali inaofika, madhara inayoleta, zamu inazohitaji kuandaliwa, na kile inachokunyima unapoibeba. Kipimo cha nne ndicho wachezaji wapya husahau. Mkuki mrefu unamfikia adui mita mbili mbele, lakini adui akishaingia ndani ya ncha unakuwa fimbo tu. Upinde unakunyima mikono yote miwili. Ngao nzito inakunyima mbio.

Nitaonyesha hesabu moja hadi mwisho, kwa sababu hapa ndipo usawa unapojulikana au kupotea. Kila mhusika wetu anaanza na uhai 30. Panga lina madhara 4 kwa kila zamu na linahitaji mguso wa karibu. Gobore lina madhara 15, linafika mita 100, na kupakia upya ni zamu tano. Mtu akiangalia namba 15 na 4 atalalamika papo hapo kwamba gobore limependelewa. Sasa waweke wawili hao mita 20 mmoja kutoka kwa mwingine. Gobore linalia katika zamu ya kwanza, na katika zamu hiyo hiyo mwenye panga amekwisha kufika. Zamu ya pili hadi ya sita mwenye gobore anapakia, na mwenye panga ana mapigo matano, yaani madhara 20 dhidi ya 15. Panga limezidi. Waweke mita 100: mwenye panga anafika mwishoni mwa zamu ya tano, anapata pigo moja tu la madhara 4 katika zamu ya sita, na ya saba gobore limekwisha kuwa tayari. Gobore limezidi, tena kwa mbali. Waweke mita 40: anafika zamu ya pili, anapiga zamu ya tatu hadi ya sita, mapigo manne, madhara 16 dhidi ya 15.

Silaha ni zile zile na namba ni zile zile; kilichobadilika ni umbali wa kuanzia. Kwa hiyo, kabla hujapunguza madhara ya silaha inayolalamikiwa, uangalie kwanza mahali wahusika waliposimama pambano lilipoanza. Hesabu hii bado ni ya karatasini, kwa kuwa hakuna anayeshindilia baruti huku akikatwa, na ndiyo maana tunamruhusu mwenye gobore kisu kifupi kiunoni chenye madhara 3. Asipokuwa nacho, mwenye panga akishamfikia hana cha kuandika ila kuomboleza.

Hatua ya tatu: tenganisha nguvu ya silaha na utayari wake

Sisi wa nyanda hizi tuna mfano wa jambo hili katika historia yetu wenyewe, na ninautaja kwa heshima ya waliokufa pande zote. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kilikuwa kikipita Lugalo, karibu na Iringa, kwa safu ndefu ya njiani. Kilikuwa na bunduki na mizinga, lakini mizinga ilikuwa mizigo iliyofungwa juu ya punda. Wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walitokea ghafla kutoka vichakani wakiwa na mikuki, na kikosi kile kikaangamizwa pamoja na Zelewski mwenyewe. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, Wajerumani walifika Kalenga, makao ya Mkwawa, wakiwa wamejipanga, wakaipiga ngome kwa mizinga na kuiteka.

Mzinga uliofungwa juu ya punda na mzinga uliokwisha kutegwa ni silaha mbili tofauti, na fomu ya mhusika, yaani andiko linaloorodhesha silaha na nguvu zake, inapaswa kuziandika kama silaha mbili tofauti. Kila silaha au nguvu inayozidi madhara 10 tunaiandikia hali tatu: imefungwa, inaandaliwa, iko tayari. Kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine kunaandikwa wazi ndani ya zamu, ili mpinzani aone. Mchezaji akisahau kuandika maandalizi, silaha inahesabiwa kuwa imefungwa, hata kama kila mtu anajua alikuwa na nia ya kuiandaa. Tumelazimika kuwa wakali katika hili, kwa sababu maandalizi yanayofanyika kichwani mwa mchezaji hayawezi kukatizwa na mtu yeyote.

Hatua ya nne: kila nguvu ilipiwe, ionekane, na iwe na mlango

Silaha ya mkononi ina mipaka inayotokana na uzito wake na urefu wake. Nguvu za kubuni hazina mipaka ila ile mtakayoiandika, na kwa hiyo zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Malipo yetu ni pumzi. Kila mhusika ana pumzi 10, na kila zamu anayopumzika bila kutumia nguvu anarudishiwa moja. Nguvu ndogo hula pumzi 2, ya kati 4, kubwa 7. Tulichagua namba hizi ili nguvu kubwa isiweze kutumika mara mbili mfululizo kwa hali yoyote: 10 ukiondoa 7 zinabaki 3, na mtu anahitaji zamu nne za kupumzika ndipo afikie 7 tena. Ukitunga namba zako mwenyewe, zipitishe kwenye hesabu hiyo kabla ya kuzitangaza.

Kuonekana maana yake ni kwamba nguvu ya kati na nguvu kubwa lazima zitanguliwe na ishara zamu moja kabla: harufu, sauti, rangi, baridi, chochote ambacho mhusika wa upande wa pili anaweza kukihisi kwa milango yake ya fahamu. Ishara ndiyo inayompa mpinzani sentensi ya kwanza ya kuandika. Mlango, kwa upande wake, ni njia ya kuizuia au kuidhoofisha nguvu hiyo ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikia. Nguvu inayozuiwa tu na mwenye damu ya ukoo fulani haina mlango.

Chukua mhusika ambaye kwetu amechezwa mara nyingi, tunayemwita Binti Ukungu. Anayeijua Mbeya ya asubuhi za baridi, ukungu unaposhuka kutoka milimani hadi usione gari lililo mbele yako, ataelewa kwa nini mhusika huyu anapendwa. Alipoletwa mara ya kwanza, fomu yake ilisema: "Anaweza kuwa ukungu wakati wowote, na akiwa ukungu hapigiki." Tulikaa na fomu hiyo kwa siku mbili, ikatoka hivi. Akiwa ukungu hapigiki, sawa, lakini naye hawezi kupiga wala kusukuma kitu. Kugeuka ni pumzi 4, na kila zamu anayoendelea kuwa ukungu inakula pumzi 2 zaidi, kwa hiyo kutoka pumzi 10 anaweza kubaki hivyo zamu nne kwa jumla na si zaidi. Ishara yake ni baridi inayotangulia na umande unaokaa juu ya ngozi na chuma. Milango yake ni miwili: upepo mkali unampeleka asikotaka, na moto ulio wazi unamlazimisha ajikusanye mapema. Hakuna kilichoondolewa katika uzuri wake. Mchezaji wake mwenyewe alisema kuwa sasa ndipo anapata raha ya kumwandika, kwa sababu kila zamu ana uamuzi wa kufanya.

Hatua ya tano: pigo liandikwe kama jaribio

Kiswahili kimetupa hapa chombo ambacho hatuna budi kukitumia, nacho ni tofauti kati ya "-na-" na "-me-". Anayeshambulia huandika kwa "-na-", na ni mwenye kupigwa peke yake anayeruhusiwa kuandika kwa "-me-" juu ya mwili wa mhusika wake. Tazama zamu hii iliyokataliwa na mwamuzi:

"Binti Ukungu amepita ubavuni mwa Mfua Chuma na kisu chake kimezama mbavuni."

Maneno "kimezama mbavuni" yamemwandikia mwenzake zamu yake. Aliombwa airudie, naye akaiandika hivi:

"Binti Ukungu anajikusanya upande wa kushoto wa Mfua Chuma, umande ukiwa bado unamdondoka nyweleni, na anakisukuma kisu kuelekea chini ya kwapa lililoinuka."

Naye Mfua Chuma, ambaye mchezaji wake alimtunga kutokana na sifa ya Wakinga wa Makete katika ufuaji wa chuma, akajibu:

"Baridi inamgusa shingoni kabla ya kisu. Mfua Chuma anaushusha mkono kwa nguvu. Kisu kimemchana juu ya kiwiko, lakini mbavu zimesalimika, na papo hapo nyundo yake inazunguka kwa chini kuelekea goti la binti."

Jibu hili ni zuri kwa sababu limetumia ishara, limekubali jeraha, na limefungua jaribio jipya. Mwamuzi alihesabu nusu ya madhara.

Kukubali jeraha ndilo jambo gumu kuliko yote kwa wachezaji wengi, na pambano ambalo kila mtu anakwepa kila kitu haliishi wala halisomeki. Kwa hiyo tumeweka kikomo: kila mhusika ana nafasi mbili za kukwepa kabisa katika pambano zima. Zikiisha, anaweza kupunguza madhara kwa nusu kwa kuandika kinga inayoaminika, au kuyapokea yote. Ninaamini kanuni hii moja imeokoa mapambano mengi zaidi kuliko namba zote za silaha.

Jambo jingine dogo linaingia hapa: mchezaji amesoma fomu ya mpinzani, lakini mhusika wake hajaisoma. Mfua Chuma asiwashe moto katika zamu ya kwanza eti kwa kuwa mchezaji wake anajua ukungu unaogopa moto. Aone kwanza, ndipo abuni.

Hatua ya sita: chunguza vitu vinavyodai ukuu kwa asili yake

Wachezaji wetu hupenda, na wana haki ya kupenda, kuchota kutoka katika mazingira. Mmoja alileta shoka lililofuliwa kutokana na Kimondo cha Mbozi, akaandika kwamba halivunjiki na linakata ngao yoyote kwa sababu limetoka mbinguni. Kimondo chenyewe ni bonge la uzito wa tani 16 hivi, na sehemu yake kubwa ni chuma, kikiwa kimechanganyika na nikeli. Tulimjibu kwamba shoka lake linaruhusiwa na hadithi yake ni nzuri, ila chuma ni chuma: madhara yake ni ya shoka, yaani 5, na kama anataka likate ngao, hiyo ni nguvu ya kati inayolipiwa pumzi 4 na kutanguliwa na ishara. Akachagua ishara ya shoka kutoa mlio mwembamba kama wa waya uliokazwa, na mlio huo sasa unaogopwa na kila mtu.

Kanuni inayofaa kuandikwa ni hii: asili ya kitu inatoa sura na historia, na uwezo wake unanunuliwa kama uwezo mwingine wowote. Maneno "hakizuiliki", "hakivunjiki", "siku zote" na "papo hapo" yakionekana kwenye fomu, yapigieni mstari na kuuliza bei yake.

Hatua ya saba: uwanja uchaguliwe kwa dadu

Kingo za Ziwa Ngozi, zenye msitu mzito na unyevu, zinampendelea Binti Ukungu; nguzo za mchanga za Isimila zinampa mwenye panga mahali pa kujificha asilengwe na gobore; uwanda wa Kitulo hauna pa kujificha kabisa. Andikeni viwanja vitano au sita, mvipe namba, na mwamuzi arushe dadu baada ya fomu zote mbili kukubaliwa, asirushe kabla. Mchezaji anayejua uwanja mapema humtunga mhusika kwa ajili ya uwanja huo.

Hatua ya nane: badilishaneni wahusika

Malalamiko kwamba mhusika fulani amezidi yasijibiwe kwa hoja peke yake. Wachezaji wawili wapigane, kisha wabadilishane wahusika na wapigane tena. Mhusika yule yule akishinda katika mikono yote miwili, kuna dalili kwamba tatizo liko kwenye fomu. Mchezaji yule yule akishinda kwa wahusika wote wawili, tatizo ni kwamba anaandika vizuri kuliko mwenzake, na hilo halirekebishwi kwa kupunguza namba.

Mapambano mawili hayatoshi kuamua. Kama wahusika wawili wako sawa kabisa, uwezekano wa mmoja aliyetajwa tangu mwanzo kushinda mara tano mfululizo kwa bahati tu ni mara moja katika 32, kwa hiyo akishinda mara tano tunaifungua fomu yake bila ubishi. Akishinda tatu kati ya tano tunaiacha kama ilivyo. Mnapofungua fomu, badilisheni kitu kimoja tu: ama pumzi, ama zamu za maandalizi, ama umbali. Mkibadilisha vyote vitatu hamtajua ni kipi kilichoponya.

Hatua ya tisa: mambo ya uendeshaji

Zamu isizidi maneno 200, kwa kuwa inasomwa kwenye simu, na mhusika asifanye zaidi ya tendo moja la kushambulia na moja la kujikinga ndani yake. Jibu litoke ndani ya saa 24. Umeme ukikatika au bando likiisha, mchezaji anamtumia mwamuzi ujumbe mfupi wa kawaida naye anaongezewa saa 24 nyingine, mara moja kwa pambano. Mwamuzi asiwe na mhusika katika mashindano yale yale, na akikataa zamu aonyeshe neno lililosababisha, kama tulivyoonyesha "kimezama", ili mchezaji airekebishe bila kuhisi kuwa ameonewa.

Namba za silaha, bei za nguvu na fomu zote zikae katika andiko moja lenye tarehe juu yake. Pambano linachezwa kwa andiko la siku lilipoanza, hata kama kesho yake mmekubaliana kulibadilisha, na badiliko linaanza kutumika kwa jozi itakayofuata.